Neno "clove" na karafuu zetu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Chake Chake. Wanaokuja ni vijana wanaotembeza wageni, wasichana wa mapokezi hotelini, wauza viungo, na mara moja moja mzee aliyechoka kutafsiriwa na mjukuu wake. Kikao hakimaliziki bila neno "clove" kuzuka. Si ajabu, sisi watu wa Pemba tumelelewa na karafuu. Ajabu ni kwamba neno hili lenye herufi tano limewatoa watu jasho kuliko maneno marefu ya daktari. Maswali haya nimeyaandika karibu kama nilivyoulizwa.

Maalim, "clove" lina silabi ngapi?

Moja. Piga kofi moja, basi.

Wengi hupiga mawili, na wengine matatu, kwa sababu wanahesabu kwa macho. Wanaona "o", wanaona "e", wanasema mbili. Kiingereza hakihesabiwi hivyo. Silabi ni irabu inayosikika, si irabu iliyoandikwa, na hiyo "e" ya mwisho haisikiki kabisa. Kinachosikika ni irabu moja katikati, imebanwa na konsonanti mbili mbele na moja nyuma.

Kiswahili ni kinyume chake: ukiona irabu, itamke. Ka-ra-fu-u ni silabi nne, na mkazo unakaa kwenye "fu", ya pili kutoka mwisho, kama desturi yetu. Mti wake, m-ka-ra-fu-u, ni silabi tano, maana ile "m" inajitegemea kama katika m-tu na m-ti. Kwa hiyo mti wetu wa silabi tano, kwa Mwingereza, ni "clove tree": silabi mbili tu.

Mbona sisi tunasema "kilovu"?

Kwa sababu ulimi wetu umezoea silabi inayoishia kwa irabu. Neno likija limefungwa mlango, tunalifungulia. "Club" ikawa kilabu, "glass" ikawa gilasi, na "school" hapa Visiwani ikawa skuli, ambayo tumeiachia "sk" yake lakini tukaipa "i" ya kupumzikia. Hakuna kosa hapo. Neno likishahamia kwetu lifuate sheria za nyumba.

Tatizo ni pale unapozungumza Kiingereza chenyewe huku ukiweka irabu zetu. "Ki-lo-vu" ni silabi tatu, na mgeni anayesubiri silabi moja anakuwa ameshapotea njia ukifika ya pili.

Basi nitamkeje?

Anza na "kl" pamoja, pasiwe na "i" wala "u" katikati. Kisha "o", lakini isikae mahali pamoja: ianze kama "o" na imalizie kwa midomo kukunjika kuelekea "u". Mtu wa London huianzia katikati ya mdomo, Mmarekani huianzia nyuma kidogo. Usijisumbue uchague upi, hakuna mteja atakayekataa karafuu kwa sababu hiyo.

Kazi iko kwenye "v". Weka meno ya juu kwenye mdomo wa chini, toa sauti mpaka usikie mtetemo, halafu nyamaza meno yakiwa bado yamegusa mdomo. Ukiachia mdomo huku sauti inaendelea, ile "u" inatoroka na umesharudi kwenye "kilovu".

Kwa wanaoshindwa kabisa nina ujanja mmoja. Sema kwanza "clove oil", mafuta ya karafuu. Hapo "v" imepata irabu ya jirani, na Mwingereza mwenyewe huziunganisha, unasikia kitu kama "klou-voil". Ulimi wetu unafurahi maana "vo" tunaijua. Irudie mara kumi. Kisha anza kuisema "oil" kwa sauti ya chini, kisha uifikirie tu bila kuisema. Kinachobaki mdomoni ni "clove", na mlango umefungwa wenyewe.

Kama "e" haitamkwi, imewekwa ya nini?

Ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuiambia "o" itamkwe kwa jina lake la alfabeti, kama katika "home" na "bone". Ya pili ni adabu ya maandishi ya Kiingereza tu: maneno yake ya kawaida hayapendi kuishia kwa herufi "v", kwa hiyo huwekewa "e" ya kusitiri. Ndiyo sababu unaona "have", "give", "live", "love", na hakuna hata moja linaloitamka.

Nadhani umeshaona mtego. "Love", "move" na "clove" zote zimeandikwa kwa mkia mmoja, na kila moja ina irabu yake. "Love" inaelekea kwenye "a" fupi, pamoja na "dove" ya njiwa, "above" na "glove". "Move" ina "u" ndefu, pamoja na "prove". "Clove" imekaa na "stove", "drove" na "grove". Hakuna kanuni ya kukusaidia hapa. Ni kukariri, kama tulivyokariri juzuu.

Na "glove" iangalie sana. Nilipokuwa namsaidia jamaa kumwandikia mnunuzi ujumbe, simu ikajifanya inajua kuliko sisi, ikabadilisha herufi moja. Tukawa tumetangaza magunia ya glavu. Mnunuzi akajibu kwa heshima sana kwamba yeye hashughuliki na vifaa vya hospitali.

"Cloves" ni silabi mbili?

Hapana, bado ni moja. Ile "s" ya wingi inatamkwa kama "z" kwa sababu imefuata sauti yenye mtetemo, na inagandana na "v" papo hapo: "klouvz". Hakuna "ve-si".

Mkanganyiko huu unatoka kwenye neno "spice". Hilo ni silabi moja, lakini wingi wake "spices" ni mbili. Sauti ya "s" haiwezi kufuatwa na "z" bila ya kuwekewa irabu katikati, kwa hiyo neno linaongezeka. "Clove" haihitaji msaada huo, haiongezeki.

Kwa nini wageni wakinisikia wanadhani nazungumzia nguo?

Swali hili ndilo lililonifanya niandike ukurasa huu.

Kijana wangu mmoja alikuwa na wageni wawili kwenye njia ya Wete, wakati wa msimu. Kandokando ya barabara majamvi yametandazwa, karafuu zimeanikwa, nyingine zingali na wekundu, nyingine zimeshaiva rangi ya kahawia. Harufu imejaa mpaka ndani ya gari. Akasimamisha gari, akanyoosha mkono kwa fahari: hizi ni "kilovesi" zetu, zinakauka juani. Mama wa kizungu akainua macho juu, akatazama mti, akatazama ua wa nyumba, akauliza ziko wapi. Kijana akaonesha tena. Mama akatazama tena juu. Alikuwa anatafuta kamba ya nguo.

Alisikia "clothes". Na ukifikiri, hakuwa mjinga. Nguo na karafuu zote huanikwa, zote hukauka juani, zote huingizwa ndani mbio wingu likitanda. Sentensi nzima ilikuwa inamwelekeza kwenye nguo, isipokuwa sauti moja.

Sauti yenyewe ni hii: "cloves" ina "v", "clothes" ina "dh". Na hapa sisi wa Visiwani tuna bahati ambayo hatuitumii. Wapo wanaojifunza Kiingereza duniani wasiojua "dh" inatokea wapi, sisi tumezaliwa nayo katika dhahabu, fedha na adhabu. Kwa hiyo tenganisha: "v" meno kwenye mdomo, "dh" ulimi kwenye meno. Ujue pia kwamba Waingereza wenyewe huivivia "clothes", wengi huimeza "dh" ikabaki kama "close", yaani funga. Wewe "cloves" yako ikiwa na "v" inayosikika vizuri, hawawezi kukosea.

Kama bado una wasiwasi, sema "clove buds" au taja kiungo kingine pamoja nacho: "cloves and cinnamon". Hapatakuwa na mtu wa kutafuta kamba.

Neno lenyewe lina maana gani?

Msumari.

Chukua punje moja kavu, iweke kiganjani. Tazama ule ukonde wake, halafu kichwa: meno manne yaliyochanua kidogo, na katikati kidude cha mviringo ambacho ni petali zilizokunjamana bila kupata nafasi ya kufunguka. Ukiilaza ubavu unaona msumari wa fundi, mdogo, mweusi. Warumi waliita msumari "clavus". Wafaransa wakafanya "clou", na karafuu wakaiita "clou de girofle", msumari wa girofle. Waingereza wakalichukua jina, wakabaki na msumari na kuiacha girofle njiani. Kwanza waliandika "clowe", baadaye "clove".

Kinachonichekesha ni kwamba sehemu waliyoiacha ndiyo iliyo jamaa yetu. "Girofle" inatokana na neno la Kigiriki "karyophyllon", na Waarabu wanasema "qaranful", ndiyo iliyotufikia ikawa karafuu. Sema "karyophyllon", "qaranful" na "karafuu" mfululizo, utasikia damu moja. Waingereza nao waliwahi kuwa na tawi lao la ukoo huu, ua linaloitwa "gillyflower", ambalo ni girofle hiyohiyo imevaa nguo za kijijini.

Wala si Wazungu peke yao walioona msumari. Waajemi huiita "mikhak", yaani kimsumari. Waholanzi wanasema "kruidnagel", msumari wa kiungo. Wareno, ambao waliwahi kuitawala pwani hii, wanasema "cravo", nayo ina msumari ndani yake. Wachina wana jina ambalo maana yake ni karibu na harufu ya msumari. Watu wa mbali namna hiyo, kila mmoja kaitazama punje kiganjani kwake akasema kitu kilekile. Sisi tunaoishi nayo hatukuona msumari. Tulipokea jina, tukaenda shambani.

Kwenye mapishi nimeona "cloves of garlic". Ni karafuu za thomu, yaani kitunguu saumu?

Hapana, na swali hili lina gharama.

"A clove of garlic" ni punje moja ya thomu, ule mgawanyo mmoja unaoumenya kutoka kwenye kichwa kizima. Kichwa kizima ni "head" au "bulb". Hakuna karafuu humo.

Mwanafunzi wangu alipata kazi ya jikoni kwenye nyumba moja ya wageni. Akapewa karatasi ya mchuzi imeandikwa kitunguu, kisha "garlic, 6 cloves". Kijana wa Pemba, neno "cloves" analijua kuliko mwenye karatasi. Akatia thomu, akaongeza karafuu sita zilizopondwa. Sufuria ilikuwa ndogo. Walioonja walisema midomo imekufa ganzi, na hawakuwa wanatia chumvi: mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho yujenoli, ambacho ndicho watu hutuliza nacho jino linapouma. Siku ile mchuzi ulifanya kazi ya daktari wa meno.

Tazama neno lililo jirani. Kukiwa na "garlic", ni punje. Kukiwa na "whole cloves", "ground cloves", au "cloves" peke yake katika orodha pamoja na mdalasini na iliki, ni karafuu.

Lakini kwa nini thomu na karafuu zitumie jina moja?

Hazitumii jina moja. Ni majina mawili yaliyofanana baada ya safari ndefu. Lile la karafuu limetoka Ufaransa, kama nilivyosema. Lile la thomu ni la Kiingereza cha kale, "clufu", na ni ndugu wa kitenzi "cleave", kupasua. Punje ya thomu ni kipande kilichopasuka kutoka kwa wenzake.

Wanafunzi wakinuna kwamba Kiingereza kinaonea, nawauliza maana ya "paa". Mmoja atasema la nyumba, mwingine mnyama wa msituni, wa tatu kwenda juu kama ndege, na wa nne, ambaye kwao ni wavuvi, atasema kutoa magamba ya samaki. Hapo manung'uniko huisha.

Kuna maana nyingine?

Zipo. "Clove" ni wakati uliopita wa zamani wa hilo "cleave". Utalikuta kwenye vitabu vya kale, shoka limepasua gogo. Leo husemwa "split". Lililobaki hai ni "cloven hoof", kwato iliyopasuka kama ya mbuzi na ng'ombe. Usishangae pia ukikuta "cleave to" ikiwa na maana ya kushikamana. Hicho ni kitenzi kingine kilichofanana sura, na Waingereza wenyewe hushangaa.

Halafu kuna "clove hitch", ambayo ni fundo la kamba. Hili wavuvi wetu wanalijua kwa mikono hata kama hawalijui kwa jina: unaizungusha kamba kwenye mti mara moja, unaizungusha tena ikipita juu ya ile ya kwanza, unapenyeza ncha chini ya mzunguko wa pili, unakaza. Linaitwa hivyo kwa sababu kamba inaonekana imegawanyika, mistari miwili ubavu kwa ubavu. Ni tawi la kupasua, si la karafuu. Mgeni mpenda mashua akiiona ngalawa Tumbe imefungwa hivyo na kusema "clove hitch", usianze kumweleza habari za viungo.

"Clover" ni majani ya malisho yenye vijani vitatu vitatu. Silabi mbili. Halituhusu.

Niseme "clove" au "cloves"?

Karafuu kwa Kiswahili haibadiliki: karafuu hii, karafuu hizi. Kwa hiyo ulimi wetu husahau "s". Kiingereza kinahesabu. Punje moja, "a clove". Zaidi ya moja, na bidhaa yote kwa ujumla, "cloves". Pemba inalima "cloves", gunia limejaa "cloves", nyumba inanukia "cloves".

Lakini neno likiwa mbele ya jina jingine kulieleza, "s" inaondoka: "clove oil", "clove tree", "clove season", "clove farmer". Nimeona kibao kimeandikwa "cloves oil" kwa rangi nzuri na gharama kubwa, nikapita kimya. Mwenye duka ni mtu mzima na sikutumwa.

"Ground cloves" ni karafuu za kuokota chini?

Ningependa iwe hivyo, ingekuwa na mantiki yetu. Sote tumeokota karafuu zilizoanguka chini ya mikarafuu tukiwa watoto. Lakini "ground" hapa haina uhusiano na ardhi. Ni "grind", kusaga, katika umbo la kusagwa. Karafuu ya unga. Nzima zake ni "whole cloves", na hiyo "whole" inatamkwa sawasawa na "hole" ya tundu.

Karafuu ni mbegu, tunda au ua? Wageni huuliza.

Ni tumba la ua ambalo halijachanua. Sema "flower bud". Wengi wanasema "seed" na wanakosea. Ikiachwa mtini ichanue, thamani imeondoka. Ikiachwa zaidi ikawa tunda, ndiyo mpeta, na jina lake la kibiashara kwa Kiingereza ni zuri ajabu: "mother of cloves". Mgeni akilisikia hilo hutoa daftari.

Mengine ya shambani yatafsiri hivi. Kuchuma ni "pick". Kuchambua, ile kazi ya jioni ya kukaa wote ukumbini na kutenga karafuu na makonyo huku hadithi zinapigwa, Kiingereza hakina neno moja. Sema "separate the buds from the stems". Makonyo ni "stems", na usisahau kumwambia mgeni kwamba nayo hayatupwi, hukamuliwa mafuta kiwandani Wawi. Pishi liache liitwe pishi, umwoneshe kwa kopo.

Nikiulizwa kama karafuu asili yake ni hapa, nijibuje?

Jibu ukweli: hapana. Najua linauma kidogo, maana vitabu vya watalii vinatuita "Spice Islands". Jina hilo kwanza lilikuwa la visiwa vya Maluku, Indonesia, ambako mkarafuu ulizaliwa na ambako kwa muda mrefu Waholanzi waliulinda kwa mabavu usitoke. Aliyeutorosha ni Mfaransa Pierre Poivre, miche ikafika Mauritius mwaka 1770. Jina lake la ukoo kwa Kifaransa ni pilipili manga, na hilo sikulitunga mimi.

Unguja na Pemba miche ilifika mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said ndiye aliyesukuma ipandwe kwa wingi, kwa jasho la watumwa. Hilo la watumwa usilifiche. Mgeni anayeuliza historia anataka historia. Kisha mwaka 1872 kimbunga kikaiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Pemba iliponea, na tangu hapo sisi ndio shamba. Kama anapenda alama, mwambie bendera ya Zanzibar ya Disemba 1963, iliyodumu mwezi mmoja tu hadi Mapinduzi, ilikuwa na karafuu mbili katikati, na kwamba nembo ya Tanzania ina mkarafuu kwenye miguu ya mwanamume, na mpamba kwenye miguu ya mwanamke.

Sentensi ya kukariri: "Cloves came from Indonesia, but most of Zanzibar's cloves come from Pemba." Ina "cloves" mara mbili, kwa hiyo ni zoezi pia.

Majina ya viungo vingine yana silabi ngapi?

Kwa haraka tu. Tangawizi, "ginger", mbili. Pilipili manga, "pepper", mbili. Kungumanga, "nutmeg", mbili. Mdalasini, "cinnamon", tatu. Iliki, "cardamom", tatu, na inaishia kwa "m", si "n" kama wengi wanavyosema. Manjano, "turmeric", tatu, na "r" ya kwanza iangalie, wapo Waingereza wanaoitupa kabisa. Mchaichai, "lemongrass", tatu. Langilangi, "ylang-ylang", nne, na hapo ndipo utakapompita mgeni kwa mbali: yeye hubabaika kwenye "y", sisi tunalisema kama jina la shangazi.

Je, ni vibaya nikisema tu "karafuu"?

Si vibaya, ni vizuri, mradi umesema "clove" kwanza akaelewa. Mpe neno letu alichukue kama zawadi. Hapo zamu yake ya kutoka jasho inafika. Atasema "KA-rafu", mkazo mwanzoni, mwisho amekata. Silabi tatu. Ile "u" ya mwisho hawaisikii, kama sisi tusivyoisikia "v" yao.

Wiki iliyopita tulikuwa barazani Kangagani na mgeni mmoja mzee, ameshika jani la mkarafuu, analirudia neno kwa bidii: karafu, karafu. Palikuwa na mtoto wa miaka kama sita anachambua na bibi yake, hata kichwa hakuinua. Akasema, "Siyo fu. Fuu." Akatupa konyo upande wake, karafuu upande wake, akaendelea na kazi.